Lida ya Rayleigh ya nanomita 532: usitazame wati, tazama kilomita kumi za juu

Mfumo unaotathminiwa hapa ni lida ya Rayleigh, yaani kifaa kinachorusha leza angani na kupima mwanga unaorudishwa na molekuli za hewa; ndio unaokutwa, kwa tofauti ndogondogo, kwenye vituo vingi vinavyopima halijoto ya anga la juu. Una leza ya Nd:YAG inayotoa mwanga wa kijani wa nanomita 532, milijouli 600 kwa kila mpigo, mipigo 30 kwa sekunde, yaani wati 18. Una darubini ya kioo cha sentimita 80, fiberi ya kupeleka mwanga ndani, sanduku la vichujio lenye chaneli tatu, na kinasa kinachohesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, mojamoja. Hukumu tuitoe mapema. Kati ya kilomita 35 na 75 ni kifaa cha kutegemewa, na ni vigumu kupata kingine kilicho ardhini kinachofanya kazi hiyo usiku kucha kwa gharama ya umeme, maji na taa za leza tu. Kati ya kilomita 75 na 90 ni kifaa kinachoweza kukudanganya mchana kweupe, tena kwa mchoro mzuri wa rangi. Kamba hukatikia pembamba, na hewa ya huko juu ni nyembamba hasa.

Mnunuzi ajue kwanza anataka kuona nini. Kuna ongezeko la ghafla la joto la stratosfia (tabaka la anga linalofika kilomita 50 hivi), ambalo mtaalamu wa hali ya hewa Richard Scherhag aliligundua Berlin mwaka 1952: halijoto karibu na kilomita 40 hupanda hata kelvini 50 ndani ya siku chache, huku mesosfia iliyo juu yake mara nyingi ikipoa. Hilo hata lida ya wastani italiona. Kisha kuna tabaka la mgeuko la mesosfia, pale halijoto inapopanda katika eneo ambalo ilipaswa kushuka, kwa kawaida kati ya kilomita 65 na 80, kwa kelvini 10 hadi 50. Roketi zilikuwa zimeshalionyesha kufikia miaka ya 1970, na lida ya Haute-Provence nchini Ufaransa ikalifuatilia kwa miaka mingi. Hili ndilo jaribio halisi la mfumo, kwa sababu hutokea palepale ambapo kasoro za kifaa nazo huzaa umbo lilelile.

Lida hii haipimi halijoto. Inapima idadi ya fotoni zilizorudi kutoka kila urefu, yaani kila kimo cha anga. Ukizidisha idadi hiyo kwa mraba wa umbali unapata msongamano wa hewa, si kwa kipimo kamili bali kwa uwiano tu. Kisha unachukua mlingano wa uzito wa hewa na mgandamizo wake, pamoja na kanuni ya gesi, unajumlisha kutoka juu kushuka chini, na halijoto inatoka. Njia hii iliwekwa sawa na watafiti Wafaransa Alain Hauchecorne na Marie-Lise Chanin mwaka 1980, na hadi leo ndiyo msingi wa programu nyingi.

Kwa kuwa kinachohitajika ni uwiano, kila kinachopunguza mwanga sawasawa kwa urefu wote hakigusi halijoto. Leza ikishuka nguvu saa nane za usiku, kioo kikipata vumbi, wingu jembamba likipita kilomita 10, profaili ya halijoto (mchoro wake kwa kila urefu) inabaki ilivyo na kelele tu, yaani kuyumba kwa hesabu, ndiyo inayoongezeka. Adui ni kile kinachobadilika kulingana na urefu. Ukishika hilo, utajua ni kipengele gani cha mfumo cha kukipigia darubini na kipi cha kukiacha kipite.

Tuanze na hesabu ya fotoni, maana wauzaji hupenda kuiruka. Kwa leza na kioo tulivyotaja, hewa safi, na ufanisi wa njia nzima ya mwanga wa asilimia 3 hadi 4, kilomita ya 80 inarudisha takriban fotoni 0.05 kwa mpigo kwa kila kilomita moja ya unene. Saa moja ina mipigo 108,000, hivyo utapata hesabu kama 5,000. Kilomita ya 90 itakupa karibu 800. Sasa weka usuli, yaani hesabu zisizotokana na leza: kihisi kisichopozwa vizuri pamoja na mbalamwezi vikileta hesabu 2,000 kwa sekunde, hizo ni 1,440 kwa kila kilomita kwa saa. Kwenye kilomita 90 usuli umeshaishinda ishara yenyewe. Kosa la takwimu hapo linafika karibu asilimia 6, sawa na kelvini 12 hivi.

Mauzo yatakuambia nunua leza kubwa zaidi. Fanya hesabu. Ukiongeza nguvu mara mbili, kosa hilo linashuka hadi karibu asilimia 3.4. Ukibaki na wati zako 18 lakini ukapoza kihisi na kubana kichujio mpaka usuli ukawa hesabu 100 kwa sekunde, kosa linashuka hadi asilimia 3.7. Karibu sawa kabisa, na kihisi kilichopozwa hakihitaji mtambo wa pili wa maji ya kupoza leza wala taa zaidi za kubadilisha. Tangazo la wati peke yake ni debe tupu.

Upande wa chini kuna tatizo la kinyume. Hesabu hizohizo ukizishusha hadi kilomita 30, ishara ni kubwa mara 7,000 hivi kuliko kilomita 80. Chaneli moja ingelazimika kuhesabu zaidi ya milioni 50 kwa sekunde, na hakuna kihesabu cha fotoni kinachofanya hivyo bila kupoteza. Kwa hiyo mfumo unagawa mwanga: asilimia 95 chaneli ya juu, asilimia 5 chaneli ya chini. Mgawanyo huu umefanywa vizuri na hatuna lawama nao. Lawama ni kwamba watu huiamini chaneli ya juu mapema mno. Kila kihesabu kina muda mfu, sehemu ya sekunde ambayo hakioni fotoni inayofuata. Ukiwa na muda mfu wa nanosekunde 4, kwenye kilomita 40 chaneli ya juu inapoteza kama asilimia 2.5. Si nyingi, lakini upotevu huo unapungua kadiri unavyopanda, kwa hiyo ni adui wa ile aina tuliyoitaja: msongamano unaonekana kushuka taratibu kuliko ulivyo, na halijoto ya kilomita 40 inapanda kwa uongo kwa karibu kelvini 3. Usichukue muda mfu kutoka karatasi ya kiwandani. Upime kwa kulinganisha chaneli mbili kati ya kilomita 35 na 50 na kutafuta thamani inayofanya uwiano wao uwe mstari ulionyooka.

Sehemu inayostahili maneno mengi kuliko zote ni ile ambayo kwenye katalogi hupewa mstari mmoja: diski ya kukata mwanga. Mpigo wa leza ukitoka, kilomita chache za kwanza hurudisha mwanga mkali ajabu. Kihisi kikipigwa na mwanga huo hakitulii mara moja. Kwa mamia ya mikrosekunde baadaye kinaendelea kutoa mipigo yake chenyewe, ikififia polepole. Mipigo hiyo inaangukia wakati uleule ambao fotoni za kilomita 80 na 90 zinafika. Ikiongezwa kwenye ishara, msongamano wa juu unaonekana mkubwa kuliko ulivyo, na profaili inapanda joto kuelekea kileleni. Umepata tabaka la mgeuko ambalo halipo.

Kuna wanaouza kifungio cha kielektroniki peke yake, kinachozima uzidishaji ndani ya kihisi kwa mikrosekunde za mwanzo. Kinasaidia, lakini uso wa kihisi unaopokea mwanga bado umepigwa, na masalio yanabaki. Diski ya chuma inayozuia mwanga usifike kabisa ndiyo dawa. Mfumo huu unayo: nusu kipenyo sentimita 10, mizunguko 120 kwa sekunde, na leza inapiga kila mzunguko wa nne. Ukingo wa diski unakwenda mita 75 kwa sekunde, hivyo mwale wa milimita moja unafunguka kwa mikrosekunde 13, sawa na kilomita 2 za anga. Data za kilomita hizo mbili zitupe, usijaribu kuzirekebisha. Hakikisha pia kwamba diski ndiyo inayoiamuru leza ipige. Mpangilio wa kinyume, diski ikiifuata leza, huifanya pembe ya ufunguzi iyumbe, na mpaka wa chini wa data unacheza kutoka mpigo hadi mpigo. Mlio wa diski ukibadilika kutoka uvumi laini hadi mkwaruzo, beringi zimeanza kuisha. Mtikisiko wake hupenya hadi kwenye mdomo wa fiberi, kwa hiyo diski ifungwe kwenye bamba tofauti na la vichujio.

Namna ya kujua kama masalio yapo ni rahisi na haihitaji programu ya mtu. Chora hesabu za usiku mzima kutoka kilomita 110 hadi 200. Huko hakuna ishara ya maana, kwa hiyo mstari lazima uwe bapa. Linganisha wastani wa kilomita 110 hadi 130 na ule wa 150 hadi 170. Kwa usuli tuliotaja na saa sita za kupima, takwimu zinaruhusu wastani wa kila dirisha kuyumba kwa robo ya asilimia tu. Ukiona tofauti ya asilimia 2, kihisi chako bado kina masalio. Baadhi ya programu hupitisha mstari mshazari au mkunjo na kuutoa. Hicho ni kiraka: mkunjo uliopimwa juu ya kilomita 110 unapelekwa hadi 80 kwa kubahatisha, na mbahatishaji hupata alichotaka kukipata.

Leza yenyewe ni nzuri na inachosha. Kristali ya kugeuza nanomita 1064 kuwa 532 inahitaji kama nusu saa itulie katika joto lake. Ukianza kurekodi dakika tano baada ya kuwasha utaona nguvu ikipanda na kushuka, ingawa kama tulivyosema, halijoto haitaharibika, ni fotoni tu unazopoteza. Taa za mmweko, zinazoichochea leza, ndizo zinazokula ratiba. Ukichukua uhai wa mipigo milioni 30 na usiku wa saa sita, taa zinaisha baada ya usiku 46. Leza zinazochochewa na daiodi hudumu zaidi sana, na kwa kituo cha mbali chenye fundi mmoja tungezichagua hata kama nguvu ya mpigo ni ndogo. Maji ya kupoza lazima yawe yaliyoondolewa ioni, na kichungi chake kibadilishwe kwa ratiba. Maji yakianza kupitisha umeme, dalili ya kwanza mara nyingi ni leza kukosa mipigo, na mtu huanza kulaumu waya.

Kipanuzi cha mwale, mara 5, kinapunguza mtawanyiko wake kutoka miliradiani (kipimo cha pembe) 0.5 hadi 0.1. Kwenye kilomita 60 mwale una upana wa mita 6. Darubini inaona miliradiani 0.3, kwa hiyo una nafasi ya 0.1 kila upande, na nafasi hiyo inaliwa kirahisi na jengo linalopoa usiku. Hapa ndipo kasoro inarudi kuwa ya urefu: leza ikiwa mita moja pembeni mwa darubini, mwale unaonekana ukisogea kwa mikroradiani 33 kwenye kilomita 30 na 12 tu kwenye kilomita 80. Mwale ukiwa ukingoni mwa eneo la kuonekana, urefu mmoja unakatwa na mwingine unapita.

Utaratibu wa kulenga tunaoupendekeza ni huu. Sogeza kioo cha kuelekezea kwa hatua za mikroradiani 20 upande mmoja, kila hatua dakika moja, ukihesabu fotoni za kilomita 40 hadi 45. Utaona uwanda wenye kingo mbili. Weka mwale katikati ya kingo, si pale hesabu ilipofika juu kabisa, kwa kuwa kilele hicho mara nyingi ni kelele. Rudia upande wa pili. Kisha angalia uwiano wa hesabu za kilomita 35 na 60: ukibadilika unapousogeza mwale kidogo, bado uko ukingoni. Rudia zoezi lote baada ya saa mbili, na tena ukiona halijoto ya chumba imeshuka. Mfumo huu una mota za kioo na programu ya kufanya hivyo, ila programu hulenga kwenye kilele. Izime hiyo hiari.

Kichujio cha mwanga hakituletei hofu nyingi. Upana wa nanomita 0.3 unafaa usiku wa mbalamwezi, wa 1 unatosha usiku wa giza. Vya mipako laini huhama kwa takriban nanomita 0.02 kwa kila digrii, na kikiinamishwa huhamia kwenye mawimbi mafupi. Vya mipako migumu huhama kwa kiasi kidogo sana. Kikihama unapoteza mwanga sawasawa kote. Kero, si uongo.

Chaneli ya tatu ni ya Raman, nanomita 607, inayopokea mwanga uliorudishwa na naitrojeni. Ni dhaifu mara elfu moja hivi kuliko ya Rayleigh, na wengine huiona ni anasa. Si anasa. Chini ya kilomita 30 kuna chembechembe za stratosfia, na volkano zinapolipuka huongezeka. Baada ya Pinatubo mwaka 1991 na Hunga Tonga mwaka 2022 lida nyingi ziliziona waziwazi. Chembechembe huongeza mwanga unaorudi, programu inadhani hewa imekuwa nzito, na kwa kuwa halijoto ni jumla ya juu ikigawanywa kwa msongamano wa pale, unapata baridi ya uongo. Chaneli ya Raman haidanganywi kwa urahisi huo, ingawa lazima urekebishe upotevu wa mwanga ndani ya chembechembe zenyewe na kiasi kidogo kinachonyonywa na ozoni katika mawimbi ya 532 na 607. Unganisha chaneli kati ya kilomita 28 na 35, na uzilinganishe na puto la hali ya hewa likiwapo.

Programu iliyoambatana na mfumo ni safi kwa macho, na ina mambo mawili ya kukagua kabla ya kuiamini. Je, inatumia mvutano wa dunia unaopungua kwa urefu? Kwenye kilomita 80 ni 9.57 badala ya 9.81 (mita kwa sekunde kwa sekunde); ukiacha thamani moja kote, halijoto ya huko inapanda kwa kelvini 5 bure. Je, inatenganisha umbali kutoka kwenye lida na urefu kutoka usawa wa bahari? Mraba wa umbali hutumia wa kwanza, mvutano na urefu wa kuchora hutumia wa pili. Kwenye kituo kama Maïdo kisiwani Réunion, kilichoko karibu mita 2,200 juu ya bahari, kuchanganya haya kunahamisha anga zima.

Halijoto ya kuanzia, ile ya kileleni ambako kujumlisha kunaanzia, nayo huchukuliwa kutoka modeli ya anga kama MSIS. Hapa programu inakosea kwa kunyamaza. Ukianza kilomita 90 kwa thamani iliyokosewa kwa kelvini 20, kosa hilo ni karibu kelvini 4 kwenye kilomita 80 na chini ya 2 kwenye 75. Mchoro hauonyeshi popote kwamba kilomita kumi za juu ni modeli zaidi kuliko kipimo. Tungetaka rangi ibadilike hapo, au mstari ukatwe. Kwa sasa ni wewe wa kuukata kwa mkono.

Ukiona jambo lisilo la kawaida, mbivu na mbichi zitajulikana hivi. Shusha urefu wa kuanzia kutoka 90 hadi 85, kisha 80: tabaka la kweli linabaki mahali pake, la uongo linashuka pamoja na mwanzo. Badilisha dirisha la usuli. Tenga mipigo ya namba witiri na ya namba shufwa uchakate kila kundi peke yake; kelele hazitafanana, anga litafanana. Gawa usiku vipande vya saa moja: mawimbi ya anga na mawimbi ya kujaa na kupwa ya joto la jua hushusha tabaka polepole saa kwa saa, ilhali kasoro ya kifaa hukaa ilipo usiku kucha. Mwisho, linganisha na setilaiti, kwa mfano kifaa cha SABER kilichoko kwenye setilaiti ya NASA iitwayo TIMED, ukikumbuka kwamba setilaiti inapita mbali kidogo na huona anga kwa upana mwingine, kwa hiyo tofauti ya kelvini chache haimhukumu yeyote.

Mfumo huu haufai mchana kwa vichujio ulivyonavyo, na wingu zito linauzima. Anayetaka kilomita 80 hadi 105 anunue lida ya sodiamu ya nanomita 589, inayosoma halijoto kutoka upana wa mstari wa atomi zenyewe bila halijoto ya kuanzia. Ni tata zaidi kuitunza, kwa sababu masafa ya leza yake lazima yafungwe kwa usahihi mkubwa. Vituo vyenye uwezo huweka zote mbili ili zikutane kwenye kilomita 80 na ushee, ambako ya kwanza inaishiwa na ya pili inaanza kuona.

Siku ya kukabidhiwa, usikubali mchoro wa halijoto kama ushahidi kwamba mfumo unafanya kazi, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Dai faili ghafi za hesabu za usiku mmoja usio na mawingu, saa nne angalau, chaneli zote, hadi kilomita 200, moja diski ikizunguka kama kawaida na nyingine ya nusu saa mdomo wa darubini ukiwa umefunikwa lakini leza ikipiga. Faili hiyo ya pili ikiwa na chochote zaidi ya mstari bapa, kelele za umeme za leza zinaingia kwenye kinasa, na nyaya za ardhi zianze kukaguliwa kabla hujatia sahihi.